Ukijisikia vizuri, bado njoo upimwe: jinsi ya kumfuatilia mgonjwa wa lupasi

Haya ni maneno ya daktari wa magonjwa ya ndani alipozungumza mjini Nakuru na wagonjwa wa lupasi, jamaa zao na wahudumu wa afya ya jamii, kuadhimisha Siku ya Lupasi Duniani ambayo huwa tarehe 10 Mei kila mwaka. Tumeyafupisha kidogo ili yaenee kwenye kurasa hizi.

Najua wengine mmepanda matatu tangu saa kumi na moja alfajiri kutoka Olenguruone na Kuresoi, na najua huu ni msimu wa palizi na kila saa mnayokaa hapa magugu yanaendelea kuota. Kwa hivyo sitawachosha. Nina jambo moja kubwa la kusema, na mengine yote nitakayosema ni ya kulieleza.

Jambo lenyewe ni hili: mgonjwa wa lupasi hapimwi kwa kuulizwa tu kama anajisikia vizuri. Anapimwa kwa mkojo, kwa presha, kwa damu na kwa macho ya mtu anayejua anachotafuta. Nimelijifunza hilo kwa njia chungu, na nitaanza kwa kuwaeleza nilivyojifunza.

Miaka ya nyuma, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimhudumia dada mmoja wa miaka 24 aliyekuwa akikata maua katika shamba la maua. Alianza kwa kuumwa na vidole asubuhi. Alikuwa akiamka mikono imekakamaa hata kushika makasi ya kukatia maua ni kazi. Alitibiwa homa ya maziwa, akatibiwa tena, akatibiwa mara ya tatu. Kisha akaambiwa ni taifodi. Nywele zikaanza kutoka mbele ya kichwa, akakonda, uso ukatoka madoa, na majirani wakaanza kunong'ona wanayonong'ona majirani. Alipima virusi vya UKIMWI mara nne, na mara nne majibu yakawa hana. Ilichukua karibu miaka miwili kabla ya mtu kutamka neno lupasi.

Tulimwanzishia dawa. Baada ya miezi mitatu alikuwa mtu mwingine kabisa. Viungo vililegea, nywele zikarudi, akarudi kazini. Akawa anakuja kliniki akitabasamu, nami nilikuwa na foleni ya watu sitini nje ya mlango. Nilimuuliza, "Unaendeleaje?" Akajibu, "Niko sawa, daktari." Nikaandika kwenye kitabu chake: anaendelea vizuri. Nikaandika hivyo mara tatu mfululizo. Mara zote tatu sikumpima mkojo.

Kisha akaacha kuja. Alijiona amepona, na nauli ilikuwa mzigo. Aliporudi baada ya miezi minane miguu ilikuwa imevimba, gambuti haziingii. Presha ilikuwa 180 kwa 110. Figo zilikuwa zimeharibika kiasi cha kutorudi. Leo anasafishwa damu kwa mashine kila wiki.

Yeye alikosa kuja, ni kweli. Lakini mimi nilikosa kupima wakati alipokuwa mbele yangu. Kijiti cha kupimia mkojo ni kitu cha bei ndogo sana, na kilikuwa kwenye kabati umbali wa hatua kumi.

Lupasi ni ugonjwa gani?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sijui msemo mwingine unaoueleza ugonjwa huu vizuri zaidi. Mwili una askari wake wa kupigana na viini vya magonjwa, nao ndio kinga ya mwili. Katika lupasi askari hao huchanganyikiwa, wakaanza kuushambulia mwili wanaoulinda. Wanaweza kushambulia ngozi, viungo, damu, mapafu, ngozi laini inayozunguka moyo, ubongo na figo. Ndiyo sababu wagonjwa wawili wa lupasi wanaweza kukaa benchi moja na wasifanane kwa lolote.

Huuambukizi wala huambukizwi. Hukuletewa na jirani, na hukuupata kwa kula sahani moja na mtu. Kuna urithi kidogo ndani yake, kuna homoni, na kuna vitu vya nje vinavyouamsha kama jua kali na baadhi ya dawa. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, na wengi huanza kati ya miaka 15 na 45, yaani umri wa kusoma, kuolewa, kuzaa na kutafuta riziki. Wanaume pia huupata, na watoto pia, na kwao mara nyingi huwa mkali zaidi.

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilisema kwamba lupasi ni nadra Afrika. Watu weusi wa Marekani na Uingereza walipochunguzwa, ilionekana wanaupata zaidi na kwa ukali zaidi kuliko wazungu. Huku kwetu ugonjwa ulikuwepo, lakini ulivaa majina mengine: malaria sugu, taifodi isiyopona, baridi yabisi, hata kurogwa.

Tunautambuaje?

Hakuna kipimo kimoja kinachosema ndiyo au la. Utambuzi ni kama kesi mahakamani, hujengwa kwa ushahidi mwingi mdogo mdogo.

Tunaanza kwa kusikiliza. Je, kuna uchovu usioisha hata baada ya kulala? Viungo vinavyouma na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa? Vidonda vya mdomoni visivyouma? Kifua kinachoma ukivuta pumzi? Nywele zinatoka? Ukikaa juani unatoka upele au unaugua siku inayofuata? Umewahi kupoteza mimba, au kupata damu iliyoganda mguuni?

Kisha tunatazama. Vitabu vingi vinaonyesha upele mwekundu wenye umbo la kipepeo usoni. Kwa ngozi yetu nyeusi upele huo mara nyingi hauwi mwekundu. Huwa wa zambarau au mweusi kuliko ngozi inayouzunguka, na wengi hudhani ni madhara ya krimu za kujipodoa. Kuna aina nyingine inayotoka kama sarafu kichwani au masikioni na kuacha makovu. Hiyo isipotibiwa mapema, nywele za mahali hapo hazirudi.

Kisha tunapima mkojo na damu. Damu inaweza kuonyesha upungufu wa chembe nyekundu, nyeupe au zile za kugandisha damu. Na kuna kipimo kinachoitwa ANA, ambacho hutafuta kingamwili zinazokishambulia kiini cha chembe. Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu watu wanapoteza pesa nyingi. Karibu kila mgonjwa wa lupasi huwa na ANA. Lakini si kila mwenye ANA ana lupasi. Kwa kiwango cha 1:80, zaidi ya mtu 1 kati ya 10 wenye afya njema wataonekana wanayo. Kwa hivyo ANA ikikosekana, lupasi inakuwa jambo la mbali. Ikipatikana, ndiyo kwanza kazi inaanza. Na ikishapatikana mara moja, haina haja ya kurudiwa. Haipandi na kushuka na ugonjwa. Mtu akikuambia uilipie tena kila baada ya miezi sita, muulize kwa heshima ni kwa nini.

Tunahakikisha pia si ugonjwa mwingine. Katika eneo letu kifua kikuu kinaweza kufanana na lupasi, na virusi vya UKIMWI vivyo hivyo. Homa ya maziwa ni ya kweli kwa watu wanaofuga na kunywa maziwa mabichi, ila ukitibiwa mara mbili na viungo bado vinauma, omba uchunguzi upanuliwe.

Na jambo moja kwa akina mama wajawazito. Kipimo cha kaswende kinachoitwa VDRL kinaweza kusema mtu ana kaswende kumbe ni kingamwili za lupasi. Kabla mume na mke hawajaanza kutazamana kwa jicho baya, kifanywe kipimo cha pili cha kuthibitisha. Kuna ndoa zingepona kwa hilo peke yake.

Kila ukija kliniki, hivi vifanywe

Sasa nimefika kwenye kiini. Ugonjwa ukiwa umeamka, mgonjwa aonekane kila mwezi au hata kila wiki mbili. Ukiwa umetulia, kila baada ya miezi 3 hadi 6. Na kila akija, bila kujali anatabasamu namna gani, haya yafanyike:

Kwanza, presha ipimwe. Kwa mgonjwa wa lupasi tunataka iwe chini ya 130 kwa 80. Presha ikianza kupanda kwa binti wa miaka 20 ambaye hakuwa nayo, mara nyingi ni figo zinazobisha hodi.

Pili, mkojo upimwe kwa kijiti. Tunatafuta protini na damu.

Tatu, uzito upimwe na miguu ibonyezwe. Uzito ukiongezeka kilo tatu kwa wiki moja, hayo ni maji. Hujanenepa.

Nne, viungo, ngozi, mdomo na kichwa vitazamwe, na kifua kisikilizwe.

Tano, damu ipimwe: hesabu ya chembe, na kreatinini ambayo hutuambia figo zinachuja vipi. Hizi zifanywe kila baada ya miezi 3 kwa wengi, na mapema zaidi kwa anayetumia dawa kali.

Sita, dawa zihesabiwe. Simaanishi kukugombeza. Namaanisha kukuuliza kwa uaminifu ni ngapi ulimeza na ni ngapi zilibaki, na kama hukumeza, ni kwa nini. Je, ni bei? Zilikuumiza tumbo? Zilikunenepesha uso ukaona aibu? Daktari asiyejua ukweli atakuongezea dawa usizohitaji.

Kuna vipimo vingine viwili vinavyosaidia pale vinapopatikana: kingamwili za DNA, na protini za kinga zinazoitwa C3 na C4. Hizi, tofauti na ANA, hubadilika. Kingamwili za DNA zikipanda huku C3 na C4 zikishuka, ni kama mbweha kuonekana karibu na boma la kuku. Bado hajaingia, lakini usilale. Tunamfuatilia mgonjwa huyo kwa karibu. Hatumwongezei dawa kwa sababu ya karatasi ya maabara peke yake.

Vipimo hivyo viwili ni ghali, na mara nyingi sampuli hupelekwa Nairobi. Kwa hivyo mkiniuliza, "Daktari, nina pesa kidogo, nianze na kipi?" jibu langu ni mkojo na presha. Halafu hesabu ya chembe na kreatinini. Vingine vifuate uwezo.

Figo hazipigi kelele

Kati ya wagonjwa wa lupasi, karibu nusu hupata shida ya figo wakati mmoja au mwingine, na mara nyingi ni katika miaka michache ya kwanza. Ubaya wa figo ni kwamba haziumi. Kidole kikivimba unalia. Figo zinaharibika wewe ukiwa sokoni unauza viazi.

Dalili unazoweza kuona mwenyewe ni mkojo wenye povu jingi lisiloisha haraka kama povu la sabuni, mkojo wa rangi ya chai au soda nyeusi, uso kuvimba asubuhi kuzunguka macho, na miguu kuvimba jioni. Lakini kabla ya hizo zote kuonekana, kijiti kimeshajua. Ndiyo maana nasema usingoje dalili.

Mkojo mzuri wa kupima ni ule wa kwanza asubuhi. Dada zetu waeleze kama wako kwenye hedhi, kwa sababu damu hiyo itatudanganya. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo hudanganya. Kijiti kikionyesha protini, tunarudia, kisha tunaomba maabara ilinganishe protini na kreatinini katika mkojo huo huo. Uwiano ukifika 0.5 au zaidi na ukabaki hapo, au damu ikionekana pamoja na protini, ni wakati wa barua ya rufaa kwa daktari wa figo. Huenda akataka kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano. Watu huogopa neno hilo. Kipande hicho ni chembamba kama kijiti cha kiberiti kilichochongwa, na ndicho kinachotuambia kama tunapambana na moto wa majani au moto wa nyumba, maana dawa zake si sawa.

Vijana hapa huenda mnamjua mwimbaji wa Marekani, Selena Gomez. Mwaka wa 2017 alitangaza kwamba alipandikizwa figo kwa sababu ya lupasi, na rafiki yake ndiye aliyemtolea. Nalitaja hilo mjue kwamba ugonjwa huu hauchagui mwenye pesa wala asiye nazo, na kwamba hata figo zikishindwa maisha yanaweza kuendelea. Lakini ningependa zaidi msifike huko.

Dawa nazo zinafuatiliwa

Dawa ya msingi ya lupasi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa zile dawa za zamani za malaria. Karibu kila mgonjwa anapaswa kuitumia, hata akiwa ametulia, kwa sababu ndiyo inayopunguza ugonjwa kuamka. Wengine huiacha wakisema, "Sina malaria." Mama, hii yako haihusu malaria. Hii ni mlinzi wa usiku. Usimfukuze mlinzi kwa sababu wezi hawajaja.

Kipimo chake hutegemea uzito: isizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Mtu wa kilo 60 asizidi 300. Kwa kuwa vidonge vingi ni vya 200, daktari anaweza kukuambia umeze viwili leo na kimoja kesho, na hesabu inatoka sawa. Ndiyo maana tunakupima uzito. Ikitumiwa kwa miaka mingi dawa hii inaweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho, na madhara hayo hayarudi. Kwa hivyo macho yakaguliwe katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi. Mwenye shida ya figo aanze ukaguzi wa kila mwaka mapema zaidi. Usingoje kuona ukungu.

Dawa ya pili ni prednisoloni. Hii ni kama zimamoto. Inazima moto haraka, lakini ikikaa sana nyumbani inaloweka fanicha. Hupandisha presha na sukari, hudhoofisha mifupa, huleta mtoto wa jicho na hufungulia milango maambukizi. Lengo letu ni kuishusha polepole hadi miligramu 5 kwa siku au chini yake, na ikiwezekana kuiondoa. Lakini nawasihi, msiiache ghafla. Mwili ukiizoea huacha kutengeneza ya kwake, na ukiikatiza siku moja unaweza kuzirai na hata kufa. Usafiri ukikwama au dawa ikaisha, piga simu kliniki au nenda kituo kilicho karibu siku hiyo hiyo.

Wanaotumia azathioprini, maikofenoleti au methotreksati wanahitaji hesabu ya chembe na vipimo vya ini mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo.

Na sasa niseme kuhusu duka la dawa la mtaani. Diklofenaki na Brufen za kununua kila siku kwa sababu ya viungo zinaumiza figo zile zile tunazojaribu kuziokoa. Septrin na dawa nyingine za jamii ya salfa zinaweza kuamsha lupasi. Mwambie kila anayekuuzia dawa kwamba una lupasi. Vivyo hivyo kwa mitishamba. Simtukani mzee wa dawa za kienyeji, lakini chupa isiyojulikana ndani yake mna nini, mimi siwezi kuifuatilia.

Jua la kwetu

Mstari wa ikweta unapita kaskazini tu ya mji huu, nasi tumeketi zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Molo ni juu zaidi. Baridi ya asubuhi hutudanganya tukadhani jua ni dogo, kumbe miale yake huwa mikali zaidi kadiri unavyopanda. Mgonjwa wa lupasi akipalilia saa sita mchana anaweza kuamsha ugonjwa wote, si upele peke yake. Lima alfajiri na jioni. Vaa kofia pana na mikono mirefu. Paka mafuta ya kuzuia jua ukiweza kuyapata. Ngozi nyeusi inahitaji kinga hiyo pia. Mwajiri akiombwa kumhamishia mfanyakazi kwenye kazi ya kivulini kwa barua ya daktari, ombi hilo ni la matibabu na lichukuliwe hivyo.

Walimu wa shule za bweni, nawaomba mtoto mwenye lupasi aruhusiwe kofia kwenye gwaride la asubuhi, na asimamiwe kumeza dawa bila kutangazwa mbele ya wenzake.

Mimba

Dada mwenye lupasi anaweza kuzaa. Wengi wamezaa. Lakini mimba ipangwe. Tunataka ugonjwa uwe umetulia kwa angalau miezi 6 kabla, hasa figo. Dawa kama maikofenoleti na methotreksati humdhuru mtoto, kwa hivyo hubadilishwa mapema, kabla ya kushika mimba. Haidroksiklorokwini haiachwi. Aspirini ya kipimo kidogo huongezwa ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba.

Tunapima pia kingamwili zinazogandisha damu, kwa sababu ndizo huleta mimba kutoka mara kwa mara, na zina tiba. Na tunapima nyingine iitwayo Ro, ambayo kwa watoto wachache, kama 2 kati ya 100, hupunguza mapigo ya moyo tumboni. Mpango wa uzazi nao uchaguliwe na daktari, kwa sababu vidonge na sindano zenye estrojeni havimfai kila mgonjwa wa lupasi. Jambo hili si la mke peke yake. Waume, njooni kliniki.

Usingoje siku ya kliniki

Njoo siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kifua kinachouma au pumzi kukatika, mguu mmoja kuvimba na kuuma, degedege, kuchanganyikiwa au upande mmoja wa mwili kulegea, mkojo kupungua sana au kubadilika rangi, kutokwa na damu au madoa madogo mekundu yasiyofutika ngozini.

Kuhusu homa nasisitiza: usijiambie, "Ni lupasi tu." Mtu anayetumia dawa za kushusha kinga akipata homa, tunatafuta maambukizi kwanza. Kifua kikuu kikiwa kimejificha, kuongeza prednisoloni peke yake ni kumwagia moto petroli. Na kabla ya chanjo yoyote, sema unatumia dawa gani. Chanjo za homa ya mafua na nimonia zinakufaa. Zile zenye kiini hai, kama ya homa ya manjano, haziruhusiwi ukiwa kwenye dawa kali.

Kitabu chako na jirani yako

Nawaachia kazi mbili.

Ya kwanza ni kitabu. Kile kitabu cha mazoezi mnachobeba hospitalini, chukueni ukurasa mmoja mchore mistari mitano: tarehe, uzito, presha, mkojo, dawa. Kila ziara ijaze mstari. Mgonjwa ukitoka chumbani na nafasi ya mkojo iko wazi, rudi mlangoni useme, "Daktari, hujanipima mkojo." Hutakuwa umekosa adabu. Utakuwa umenisaidia. Laiti yule dada angekuwa na ukurasa huo, nafasi tatu tupu zingenipigia kelele.

Ya pili ni kwenu, wahudumu wa afya ya jamii. Tangu 2023 mna mashine za kupimia presha kwenye mikoba yenu. Kama katika boma unalotembelea kuna mgonjwa wa lupasi, mpime presha kila mwezi, mtazame miguu, muulize kuhusu povu. Ikiwa presha imepita 140 kwa 90, mtume kituoni wiki hiyo.

Na si lazima kila kipimo kifanywe mjini. Kijiti cha mkojo kinapatikana katika vituo vya afya na zahanati nyingi. Jisajilini katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147# kama hamjafanya hivyo. Huduma za msingi katika vituo vya daraja la 2 na la 3 hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Mtu wa Kuresoi anaweza kupimwa mkojo na presha kwao, na kuja mjini kuonana na daktari mara chache zaidi, akiwa na ukurasa wake umejaa.

Katika miaka ya 1950, nusu ya waliogunduliwa kuwa na lupasi walikuwa wamefariki kabla ya miaka mitano kwisha. Leo, mahali ambapo wagonjwa wanafuatiliwa vizuri, zaidi ya 9 kati ya 10 huvuka miaka hiyo mitano. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa peke yake. Ililetwa pia na watu waliopimwa wakiwa wanajisikia vizuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa figo haujengeki.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni kama binti yake atapona. Mama, lupasi hatujui kuiondoa kabisa. Tunajua kuilaza. Na ikilala, binti yako atasoma, atafanya kazi, ataolewa akitaka. Kazi yetu, mimi na wewe na yeye, ni kwenda kuchungulia mlangoni kila baada ya miezi michache kuhakikisha bado imelala.

Mwende salama, na msisahau kofia.